Neno la Kituo cha Pili

Mimi ni mwoga, na sijawahi kulificha hilo. Dada zangu wanachinja mbuzi huku wakipiga soga; mimi mlango ukigongwa na upepo, moyo unaruka. Kwa hiyo kampuni ya barabara iliponiajiri kukaa kwenye redio siku za kuchoma baruti, nyumbani kwetu Lodwar walicheka wiki nzima. Injinia Longor, aliyenichagua, alisema wazi kwamba alitaka mtu mwoga. Alisema majasiri wamemchosha.

Kuchoma baruti si kupasua mawe. Mawe ya barabara yalikuwa yakipasuliwa kila siku milimani, na hakuna aliyejali. Shida ilikuwa lori. Baruti ilitoka kwenye ghala karibu na Lodwar, ikapelekwa mbele ya Kakuma, na njia ilipita kando ya soko. Mwezi wa pili kampuni iliita baraza huko Kakuma ili kuwaeleza watu habari za hilo lori, na mama mmoja muuza chai, Kaha, akasimama na kuuliza swali moja. "Hii gari yenu ikishika moto mbele ya hoteli yangu, baruti itaungua tu kama kuni ama itapasuka? Na mimi niko na dakika ngapi ya kukimbia?"

Longor akajibu, "Inategemea."

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Kisha wakatazamana, wakasema lori halipiti. Haki yao. Longor alirudi Lodwar amekunja uso, akaandika barua kwa wakubwa wake kwamba swali la yule mama halina jibu, na kwamba jibu litapatikana kwa kuchoma tu. Wakakubali. Tukapewa laga moja, mto mkavu wa mchanga mbali na barabara, mahali ambapo hata mbuzi hawana kazi napo.

Kazi yangu ilikuwa neno moja: salama. Mtu wa kulingoja neno hilo alikuwa Kahin. Alikuwa fundi wa baruti, Msomali, aliyeletwa kambi ya wakimbizi ya Kakuma akiwa na miaka sita, akakulia hapo, akasoma hapo, akaoa hapo. Moto ulipozimika, yeye ndiye aliyetoka handakini na kutembea peke yake, hatua mia tatu juu ya mchanga, kwenda kutazama kilichobaki. Nisiposema salama, haendi. Nikisema, anakwenda. Usiku nilikuwa nikilala na jambo hilo kichwani, na asubuhi naamka nalo.

Tulitaniana sana, mimi na yeye. Yeye aliniita Mama Kiherehere. Mimi nilimcheka kwa Kiturkana chake, maana kwa miaka thelathini na minne alikuwa amejifunza neno moja tu, ejok. Na hata hilo alilijua nusu. Alijua kwamba ejok ni "nzuri". Kwamba ndilo neno tunalosalimiana nalo, mmoja analitoa na mwenzake analirudisha kabla ya lolote lingine, hilo aliliona kama adabu zetu za kupoteza wakati.

Jumatatu tulichoma baruti ikiwa wazi juu ya bati. Iliwaka moto wa manjano, ikaisha, ikaacha doa jeusi. Jumatano tukaichoma ndani ya katoni zake. Ikawaka tena kwa utulivu. Vijana waliochimba handaki walikaribia kudai warudishiwe nauli. Mimi nilimshukuru Mungu na kuandika katika kitabu changu: imeungua, haikupasuka.

Ijumaa ilikuwa siku ya sanduku. Lori husafirisha baruti ndani ya sanduku la chuma lililofungwa, na Longor alitaka kujua chuma kile kinaongeza nini. Alituambia asubuhi, akiwa amesimama kando ya gari na kikombe cha chai, kwamba kitu kilicho wazi kikipata moto hupumua, lakini kilichofungwa hujibana, joto linajaa ndani, na hakuna ajuaye litatoka saa ngapi wala kwa njia gani. Chai yangu sikuimaliza. Niliimwaga nyuma ya tairi asinione.

Tulikuwa sehemu tatu. Mimi na Longor tulikuwa kituo cha kwanza, nyuma ya ukuta wa magunia ya mchanga, mbali zaidi ya wote. Kahin alikuwa katika handaki lake, mbele yetu. Na juu ya kilima, ng'ambo ya laga, alikuwa Lokiru, kituo cha pili. Yeye ndiye pekee aliyeweza kuona upande wa nyuma wa sanduku. Lokiru ni mfugaji wa Lokori na askari wa akiba, mtu mrefu, mpole, na bunduki ya serikali begani. Aliajiriwa kuzuia watu na mifugo, na hiyo ilikuwa wiki yake ya kwanza kushika redio. Nilimfundisha mwenyewe.

"Kwa hii redio kuna maneno mawili tu," nilimwambia. "Salama, ama hapana. Umesikia?"

"Nimesikia, Nawoi. Salama ama hapana."

Moto uliwashwa saa tatu, kwa waya, kutoka mbali. Uliwaka dakika arobaini chini ya sanduku na sanduku halikufanya lolote. Halikuungua, halikupasuka, halikutoa hata moshi wake. Kisha kuni zikaisha, moto ukafa, na likabaki pale jeusi juu ya mchanga.

Afadhali lingelipuka. Nasema kweli. Kitu kikilipuka kimekwisha, unajua kilipo na kilivyo. Hicho kilichokaa kimya na joto lake tumboni ndicho kilichonitisha. Sheria yetu ilikuwa kungoja saa mbili tangu moto kufa, halafu kila kituo kitoe neno lake, halafu mimi niseme langu. Kwa saa mbili sikuondoa macho. Jua lilipanda, magunia yakawa ya moto hata kuegemea huwezi, upepo wa ziwa ukavuma kutoka nyuma yetu ukipeperusha majivu. Kila jivu liliponyanyuka nilishtuka. Mara tatu Kahin aliniuliza kwenye redio kama bado napumua.

Saa mbili zilipokaribia kwisha, simu ya Longor ililia. Ilikuwa ofisi ya Lodwar, na walitaka vipimo vya joto vya tangu asubuhi. Alinigeukia na kunionyesha kwa kidole nimsomee. Nikafungua kitabu juu ya goti, redio mkono wa kushoto, nikaanza kusoma namba.

"Ejok, Nawoi," redio ikasema. Sauti ya Lokiru.

Sikujibu. Niliinua kidole, kana kwamba mtu aliye kilimani angeona kidole changu.

"Kituo cha kwanza," akaingia Kahin, "huyo amesema nini?"

Sasa nieleze hapa vizuri, maana nimeulizwa na wengi na wengi niliwajibu nusu. Nilikuwa nimeogopa saa mbili mfululizo. Saa mbili zilikuwa zinakwisha na hakuna aliyekufa. Woga ulikuwa unanishuka mwilini, na woga ukinishuka mimi ulimi unapanda, ndivyo nilivyo. Nikabonyeza redio.

"Amesema ejok. Kahin, wewe! Miaka thelathini na minne, hata ejok imekushinda?"

Akacheka. "Ejok si ni nzuri? Haijanishinda, Mama Kiherehere. Haya, natoka."

Nami nikacheka. Neno "natoka" nililisikia, sitadanganya. Lilipita masikioni mwangu nikiwa tayari nimerudi kwenye namba za Longor, nikasoma mstari mzima mwingine.

"Ejok, Nawoi," Lokiru akarudia, polepole, kama mtu anayebisha hodi mara ya pili.

Ndipo nikatambua kwamba alikuwa akinisubiri. Nilimwambia maneno ni mawili, naye alikubali, lakini kwake yale maneno mawili yalikuwa habari, na habari huja baada ya salamu. Mtu hajakujibu salamu, utamtupiaje habari? Hata iwe habari gani. Mimi ni Mturkana, nilipaswa kulijua hilo kabla ya kumpandisha kilimani.

"Ejok," nikajibu haraka. "Leta."

"Hapana," akasema Lokiru. "Hapana, hapana. Upepo imesukuma makaa huku nyuma ya sanduku, bado iko nyekundu. Na sanduku inalia. Inalia kama sufuria imefunikwa."

Niliinua kichwa. Kahin alikuwa juu ya mchanga, nje ya handaki, akitembea. Salama sikuwa nimesema; kwake ile ejok ilikuwa salama tosha.

Nilipiga kelele kwenye redio. Nilimwita jina lake mara sijui ngapi. Lakini katika kazi ya baruti mtu anayekaribia habebi redio wala simu. Huziacha nyuma, ni sheria. Redio yake ilikuwa handakini, na sauti yangu ilikuwa ikililia shimo tupu. Yeye alitembea mwendo wake wa kawaida, mikono nyuma, kama mtu anayekwenda kuangalia shamba la jirani.

Tulikuwa na king'ora cha kuzungusha kwa mkono. Milio mitatu mifupi ni hatari, rudi. Mlio mmoja mrefu ni salama. Niliukamata mpini nikazungusha, na mkono wangu ukakataa kusimama. Nilijua nikomeshe, nianze tena, nikomeshe. Mkono ulizunguka tu, wenyewe, na king'ora kikatoa mlio mmoja mrefu usiokatika.

Kahin aliinua mkono bila kugeuka. Alikuwa ananishukuru.

"Unampa ruhusa!" Longor akapiga yowe, akaupiga mkono wangu ukaachia mpini. Simu ilikuwa chini, mtu wa Lodwar bado anaongea ndani yake. Longor akajaribu king'ora mwenyewe, lakini kile kitu kikishika kasi hakinyamazi mara moja, kinashuka polepole kikiomboleza, na kila kilichosikika kilikuwa kirefu.

Sheria ilisema pia mmoja akiingia vibaya, wa pili asiingie. Baadaye watu walieneza kwamba nilitaka kumkimbilia Kahin na Longor akanishika nguo. Hakunishika. Miguu yangu haikunyanyuka. Nilisimama pale nikamwangalia mtu niliyempeleka mimi, akizidi kuwa mdogo, na sanduku likizidi kuwa karibu naye. Nilijikojolea. Hilo pia nalisema.

Kisha bunduki ikalia.

Risasi moja, kutoka kilimani, na Kahin akaanguka kifudifudi. Nilijua amepigwa. Nilijua Lokiru ameingiwa na wazimu na amemuua. Risasi ya pili ikalia, na nikaona mchanga umeruka mbali sana, juu ya ukingo, mahali pasipo na mtu. Na nikaona Kahin anatambaa. Watu waliokulia Kakuma miaka ile mibaya hawaulizi risasi imetoka wapi. Wanalala chini, na kama kuna shimo wanaliingia. Alitambaa kwa viwiko upesi kuliko nilivyowahi kumwona akitembea, akafika kwenye ukingo wa laga ambapo maji ya mwaka uliopita yalikuwa yamechimba chini ya mizizi ya mgunga, akajisukuma ndani. Niliona nyayo za viatu vyake. Kisha sikuziona.

Sanduku likapasuka.

Sikusikia kishindo, nilikisikia kifuani. Laga yote iliinuka ikawa vumbi. Kitu cha chuma kilipita juu yetu kikivuma, kikaenda kuangukia nyuma ya gari, na mawe madogo yakatunyeshea kwa muda mrefu. Mahali handaki la Kahin na sanduku vilipokuwa vinatazamana, kulikuwa na ukungu wa mchanga tu. Longor alikuwa amelala juu ya kitabu changu. Nilishika redio nikabonyeza.

"Nawoi," redio ikasema. Ilikuwa Lokiru, na safari hii hakusalimia. "Ametoka kwa shimo. Anatembea. Miguu iko mbili, mikono iko mbili."

Nililia kwa sauti kama mtoto, mbele ya mkubwa wangu, na suruali yangu imelowa.

Kwa hiyo swali la mama wa Kakuma lilijibiwa. Ikiwa wazi, baruti ile iliungua. Ikiwa ndani ya chuma, ilipasuka, na ilipasuka kama saa mbili baada ya moto kufa, wakati mtu mwenye akili timamu angekwenda kutazama. Longor aliandika maagizo mapya: lori likishika moto hakuna wa kuzima, hakuna wa kupiga picha, kila mtu aondoke na asirudi siku hiyo. Masanduku yale ya chuma yakaondolewa. Kaha alisomewa maagizo hayo kwenye baraza la pili na akasema sasa hapo mmeongea.

Kahin alilazwa hospitalini Lodwar. Mbavu mbili, na masikio. Daktari alisema sikio moja huenda likarudi kidogo.

Siku ya nne walikuja wakaguzi wawili wa kampuni kutoka Nairobi, mashati yamenyooka, na Kiswahili cha kutafsiri kutoka kwenye karatasi zao. Waliniketisha ofisini mbele ya kitabu changu. Kwenye dakika ile nilikuwa nimeandika maneno machache tu: Kituo cha pili, ejok. Baada ya hapo fundi ametoka.

"Hii ejok ni nini?" mmoja akauliza.

"Ni nzuri," nikasema.

"Nzuri, maana yake ni salama."

Sikuitikia. Wala sikukataa. Nilitazama kalamu yake ikiandika. Niliwaza kodi ya nyumba, niliwaza mama yangu, niliwaza watu wakijua kwamba ni mimi. Jioni ripoti ikatoka: mlinzi wa kituo cha pili alitoa idhini kabla ya wakati, kisha akafyatua bunduki karibu na vilipuzi, kinyume cha sheria. Lokiru akaachishwa kazi, na barua ikaenda kwa wakubwa wake wa askari wa akiba arudishe bunduki. Nilimkuta getini akifunga blanketi lake. Hakuwa na hasira hata kidogo. Aliniuliza hali ya Kahin, akaniambia nimsalimie.

Siku mbili sikula. Siku ya tatu nikaenda hospitali.

Kahin alikuwa ameketi kitandani, kichwa kimefungwa. Aliponiona alitabasamu, akaanza kunitania kwa sauti ya juu mno, maana hakuisikia sauti yake mwenyewe. Nilimwambia nililokuja kusema. Akaonyesha masikio yake na kutikisa kichwa. Nikarudia kwa sauti zaidi, na mgonjwa wa kitanda cha pili akageuka kusikiliza, lakini Kahin bado alitabasamu tu, akingoja. Hapo ningeweza kuondoka. Ningeweza kusema nimejaribu.

Nikachana karatasi kwenye kitabu nikaandika. Lokiru hakukuambia utoke, alikuwa ananisalimia mimi. Ulipouliza amesema nini, nilikuwa nakutania. King'ora kirefu pia ni mimi. Alipopiga bunduki alikuwa anakuangusha ili uishi. Wamemfukuza, na mimi nilikuwepo nikanyamaza.

Alisoma. Tabasamu likaisha. Akasoma tena kutoka juu, akifuata kwa kidole.

"Ulikuwa unanicheka," akasema.

Wodi nzima ilisikia. Muuguzi alisimama na sinia yake.

"Mimi nimetembea mpaka pale, niko na watoto watano, kwa sababu ulikuwa unanicheka?"

Nikaitikia kwa kichwa. Sikuweza kumtazama, kisha nikaona nisipomtazama nitakuwa nimemkimbia tena, nikamtazama. Macho yake yalikuwa yamejaa maji, na si ya huruma. Hakunitukana. Hakuniambia yamepita. Alinyoosha ile karatasi juu ya goti lake, akaitazama chini, akaigeuza nyuma, akaigeuza mbele.

"Hakuna jina hapa," akasema, bado kwa kelele. "Hii inaweza kuwa ya mtu yeyote. Weka jina."

Nikaandika Nawoi.

"La pili."

Nikaandika la pili.

"Namba ya kitambulisho."

Namba yangu naijua kwa moyo tangu nilipochukua kitambulisho, lakini pale ilinipotea, ikabidi niitoe kwenye mkoba ninakili tarakimu moja moja, yeye akiangalia kila moja. Kisha akaikunja karatasi mara mbili, akanirudishia, akageukia ukutani.

"Ofisi haijafungwa," akasema.